Ua la Udongo na Kalibu Yake

Kata ya Igogo, kusini mwa kitovu cha Jiji la Mwanza, ina maji ya ghuba upande mmoja na vilima vya majabali upande wa pili. Nyumba zimepanda mlimani zikiegemea mawe makubwa kuliko zenyewe. Mfinyanzi wa vyungu katika mahali kama hapo ana mashaka mawili. Kwanza, udongo wa kuchimba ni haba pale ambapo mwamba umetokeza juu ya ardhi. Pili, moto wa kuchomea vyombo hautakiwi pale ambapo ukuta wa jirani uko karibu na mkono. Kwa hiyo ufundi wa kufinyanga maua kwa udongo unaokaushwa na hewa peke yake unafaa sana kutazamwa kutokea Igogo. Ufundi huo hautaki tanuri wala kuni, na hautaki hata uwanja. Unataka meza, kalibu na subira.

Aghalabu maua ya namna hiyo huhesabiwa kuwa pambo la kisasa lisilo na nasaba, lililotua sebuleni pamoja na maua ya plastiki. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nasaba ipo, na kwamba imeyagusa ziwa na visiwa vya bahari kwa pamoja.

Tuanze ziwani. Kabla ya kilimo na ufuaji wa chuma kuenea katika mwambao wa Ziwa Victoria, wavuvi na wawindaji wa huko walikuwa wakitengeneza vyombo ambavyo wataalamu wa mambo ya kale huviita vya Kansyore, kwa jina la kisiwa kimoja cha Mto Kagera. Baada yao, tangu karne kadhaa kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, vilikuja vyombo vya Urewe, vinavyotambulika kwa kibonyeo kidogo chini ya kitako na kwa mistari iliyochorwa udongo ungali mbichi. Vigae vya aina zote mbili vimeokotwa katika Mkoa wa Mwanza. Mwaka 1969 Robert Soper na B. Golden walichapisha katika jarida la Azania matokeo ya uchunguzi wao wa mkoa huo, yakiwamo ya mapango yaliyo chini ya majabali. Katika zama zilizofuata wafinyanzi wa nchi za Maziwa Makuu walichukua ugwe uliosokotwa, au kijiti kilichochongwa, wakaubingirisha juu ya udongo laini, na nakshi ile ile ikajirudia kuuzunguka mwili wa chungu. Huyo ni babu wa kalibu. Mkono uliokuwa ukichora mstari mmoja mmoja ulipata chombo kinachoihifadhi nakshi na kuirudia kila inapohitajika.

Vyungu hivyo vilichomwa. Lakini si kila kilichofinyangwa katika nchi hii kilipitia motoni. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, na aliyeandika pia juu ya sheria na mila za Wasukuma, alichapisha mjini London mwaka 1956 kitabu kiitwacho African Figurines. Ndani yake alieleza sanamu ndogo za udongo zilizotumika kuwafundishia vijana katika unyago na jando, hasa kaskazini-mashariki mwa Tanganyika. Nyingi kati ya hizo hazikuchomwa. Tena kila sanamu ilikuwa na wimbo wake: mwanafunzi alionyeshwa umbo huku akiimbiwa maana. Udongo uliokaushwa kwa hewa ulikuwa na kazi ya heshima, nayo ni kulishika umbo kwa muda unaotosha somo kueleweka.

Msomaji wa visiwani asidhani kwamba hayo ni ya bara tu. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, imo maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia, yaliyochongwa kwa khati ya Kufi ambayo ncha za herufi zake zinachipua vitawi na majani. Nakshi za namna hiyo pwani yetu zimechongwa katika matumbawe yaliyotolewa chini ya maji. Tumbawe likiwa bichi ni laini na hukubali chombo. Likishakaa nje, hewa hulifanya gumu. Chokaa nayo, iliyopamba zidaka za nyumba za Lamu na Pate katika karne ya 18, huzaliwa motoni lakini hugandia hewani, kwani hunyonya kutoka katika hewa kile kilichofukuzwa na tanuri. Kwa hakika wazee wetu walijua kwamba fundi huchonga na hewa humaliza.

Basi yule anayeketi leo Igogo, au Mkunazini, na kukanda udongo wa maua hafanyi jambo geni. Kilicho kipya ni udongo wenyewe. Aina inayopendwa kwa maua haina udongo wa ardhini hata chembe: ni wanga wa mahindi uliopikwa kwa gundi nyeupe ya maseremala, pamoja na mafuta kidogo na maji ya ndimu au siki, kisha ukakandwa kama unga wa chapati. Gundi hiyo ina asili yake katika kazi ya mkemia Mjerumani Fritz Klatte ya mwaka 1912. Amerika ya Kusini, ambako ufundi huu umestawi mno, donge hilo huitwa kaure baridi, kwa sababu likikauka huwa na ulaini na mng'ao wa kaure bila ya kuonja moto.

Kalibu nzuri haibuniwi. Huchukuliwa kutoka katika ua lenyewe: jani bichi la waridi hukandamizwa juu ya kitu laini kitakachoganda, na mishipa yake yote hubaki humo. Fundi hubandika kipande chembamba cha donge katika kalibu, hukibana, kisha hukitoa kikiwa na kila mstari wa jani. Hapo mjuzi mchanga hudhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imeanza. Jani lililotoka katika kalibu limelala kifudifudi, na waridi halina jani lililolala. Fundi huipondaponda kingo kwa kijiti chenye kichwa cha mviringo mpaka iwe nyembamba na yenye mawimbi, huliweka jani ndani ya kijiko au kishimo cha trei ya mayai likauke likiwa limebonyea, kisha huanza na kitumba cha katikati na kuyazungushia majani, machache ndani, mengi nje, kila moja likimfunika mwenzake nusu. Tena hana budi kukumbuka kwamba donge husinyaa maji yanapolitoka, hivyo kalibu huwa kubwa kuliko ua litakalopatikana. Kiangazi cha Mwanza hukausha upesi na kuleta nyufa, na fundi hufunika kazi kwa kitambaa chenye unyevu. Unyevu wa pwani huchelewesha, na hapo ni kungoja.

Mpenzi wa mashairi hatakuwa mgeni katika habari hii. Mizani 16 za mshororo, zilizogawanyika nane kwa nane, pamoja na kina cha kati na cha mwisho, nazo ni kalibu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, hakuzizua sheria zile. Alizichukua katika mashairi yaliyokuwa hai kabla yake, kama kalibu inavyochukuliwa katika jani. Na Euphrase Kezilahabi alipoziacha katika Kichomi, mwaka 1974, akazusha malumbano ambayo wengi wanayakumbuka, alikuwa mwana wa ziwa hili hili: alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Pande zote mbili za malumbano yale zilikuwa na haki yao. Kalibu hutoa majani yanayofanana, na maiti ya ua ni majani yanayofanana. Uhai hutoka katika mkono unaolipinda kila moja kivyake. Lakini mkono ambao haujapata kulishika jani la kweli hauna cha kupinda.

Imebaki hoja nzito kuliko zote, ambayo mtu wa pwani hawezi kuikwepa: ua la udongo halinukii. Kwetu asumini huthaminiwa kwa harufu kabla ya sura, na kikuba ambacho hakinukii ni majani tu. Ufaransa pia waliiona hoja hiyo. Katika miaka ya 1740 kiwanda cha Vincennes kilipata sifa kwa maua ya kaure, na husimuliwa kwamba maua ya namna hiyo yalitiwa manukato ili kumhadaa Mfalme Louis wa 15. Huo ulikuwa udanganyifu, na haukuhitajika. Kila kukausha huhifadhi kitu na kupoteza kingine. Karafuu, iliyojenga utajiri wa Unguja na Pemba, ni ua lililochumwa kabla ya kufunguka na kuanikwa juani juu ya majamvi. Imehifadhi harufu na kupoteza kuchanua, wala hatujaiita ua la uongo. La udongo limehifadhi kuchanua na kukosa harufu. Na wala uhai peke yake si cheti cha uzuri: gugu maji lililoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 lina ua la zambarau la kupendeza, na lilitembezwa duniani kwa ajili ya ua hilo, lakini waliokwamishwa mitumbwi yao nalo hawakulitungia sifa.

Lipo jambo moja linalostahili kututia wasiwasi. Chungu cha Urewe kilichovunjika miaka 2,000 iliyopita bado kina vigae vya kutuambia habari zake, kwa sababu kilichomwa. Ua lililokaushwa kwa hewa likinyeshewa hulainika na kuharibika, na halitaacha kigae. Zile sanamu za unyago tunazifahamu kwa sababu tu mtu mmoja alizikusanya na kuziandika pamoja na nyimbo zake. Zilizobaki zimerudi kuwa vumbi. Ufundi wa meza za Igogo, ambao mara nyingi ni wa wanawake na hauna chama wala chuo, utapotea vivyo hivyo usipoandikwa: nani alimfunza nani, kalibu ilitoka wapi, ua gani lilipendwa katika harusi za mwaka gani. Kazi hiyo haina gharama kubwa. Inataka kalamu, na mtu wa kuketi pembeni ya fundi akiuliza huku donge likikauka.