Fahamu Namna Bakteria Wanavyonata Katika Njia ya Hewa na Jinsi ya Kuwazuia

Miezi ya Juni hadi Agosti ni ya baridi wilayani Newala, juu ya Uwanda wa Makonde mkoani Mtwara. Hata Masasi, iliyo chini ya uwanda huo upande wa magharibi, asubuhi huwa na ubaridi. Katika kipindi hicho familia nyingi huota moto wa kuni, na mikorosho hupulizwa salfa ili kuikinga dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Ni kipindi pia ambacho kikohozi cha mtoto hakipaswi kupuuzwa.

Bakteria wanaosababisha nimonia na kifaduro hawaleti ugonjwa kwa kuvutwa tu pamoja na hewa. Ni lazima kwanza wanate kwenye seli zinazotanda ndani ya pua, koo na mirija ya mapafu. Wakishindwa kunata, huondolewa. Hatua hiyo ya kwanza inaweza kuzuiwa, nyumbani na kliniki.

Ulinzi wa asili

Njia ya hewa imefunikwa na ute mwembamba unaonasa vumbi na vijidudu. Chini ya ute huo kuna seli zenye vinyweleo vidogo mno, takriban 200 kwa kila seli, vinavyopiga zaidi ya mara 10 kwa sekunde. Vinyweleo hivyo huusukuma ute kuelekea kooni, ambako humezwa au hutemwa pamoja na vijidudu vilivyonaswa.

Namna bakteria wanavyonata

Bakteria wa nimokoki, mmoja wa visababishi vikuu vya nimonia kali kwa watoto, huishi puani mwa watoto wengi wenye afya bila kuwadhuru. Juu ya mwili wake kuna protini na kemikali zinazoingiana na vipokezi vya seli za binadamu, mithili ya ufunguo na kitasa. Mtoto anapougua mafua makali, virusi huharibu seli na kuacha wazi sehemu ambazo bakteria hupata pa kushika. Ndiyo maana nimonia mara nyingi hufuata mafua.

Bakteria wa kifaduro yeye hushika vinyweleo vyenyewe kwa protini zilizo kama nyuzi, kisha hutoa sumu inayoziua seli zenye vinyweleo. Ute hukosa wa kuusukuma, na mgonjwa hubaki na njia moja tu ya kuutoa, yaani kukohoa kwa mfululizo. Kwa kuwa seli mpya huchukua muda kuota, kikohozi huweza kuendelea kwa wiki nyingi hata baada ya bakteria kuisha.

Moshi na vumbi

Moshi wa kuni hudhoofisha vinyweleo. Aidha, tafiti za maabara zimeonesha kuwa chembechembe za moshi huziongezea seli vipokezi ambavyo nimokoki huvitumia kunata. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa moshi wa majumbani huongeza karibu maradufu hatari ya nimonia kwa watoto wadogo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, kwa hiyo unagusa pia afya ya mapafu.

Vumbi la salfa nalo huwasha macho, pua na koo, na huleta kikohozi. Wakulima wanashauriwa kuvaa barakoa na miwani ya kujikinga, kubadili nguo baada ya kazi, na kutokuwa na watoto shambani wakati wa kupuliza.

Chanjo hufanya nini

Chanjo huuandaa mwili kutengeneza kingamwili zinazomtambua bakteria mapema. Chanjo ya nimokoki (PCV), iliyoanza kutolewa nchini mwanzoni mwa 2013, huzuia ugonjwa mkali na pia hupunguza idadi ya watoto wanaobeba puani aina za nimokoki zinazolengwa na chanjo hiyo. Chanjo ya Penta, inayotolewa tangu 2009, hukinga kifaduro, dondakoo, pepopunda, homa ya ini aina ya B na bakteria wa Hib, ambaye pia husababisha nimonia. Zote mbili hutolewa bila malipo mtoto anapofikisha wiki 6, 10 na 14. Mtoto aliyekosa dozi apelekwe kliniki ili aendelee na ratiba.

Dalili za kumwahisha mtoto kituoni

Mzazi ahesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika moja kamili. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na pumzi 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya hatari. Kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi, kushindwa kunyonya au kunywa, degedege na kulegea sana ni dalili za kumpeleka mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu, bila kusubiri kupambazuke.

Dawa za kuua bakteria zitumike kwa maelekezo ya mtaalamu wa afya na kumalizwa kama zilivyoandikwa. Mafua ya kawaida husababishwa na virusi, ambavyo dawa hizo haziviui.