Njaa ya Mvua na Njaa ya Mikono: Habari za Mavuno katika Nchi ya Buha

Neno njaa ni la kale katika lugha za Kibantu. Mswahili husema njaa, Mnyamwezi husema nzala, nao Warundi, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiha, husema inzara. Walakini neno hilo moja hufunika mambo mawili yasiyofanana. Iko njaa iletwayo na mbingu, mvua isiponyesha. Tena iko njaa iletwayo na wanadamu, mvua inaponyesha lakini mikono ya kulima haipo. Twataka kuonyesha hapa ya kuwa katika Buha, yaani Kasulu na Kibondo katika nyanda za juu za Kigoma, njaa hii ya pili yastahili kuangaliwa zaidi kuliko ile ya kwanza.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mvua ya Buha kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba na kukoma Mei. Kisha huja kiangazi kirefu. Nchi hii si kama Ugogo, ambako mwaka wa mvua haba ni jambo la kutazamiwa. Hata hivyo wazee wa Buha hawakuiamini mvua peke yake. Walipanda ulezi na mtama mlimani, migomba karibu na nyumba, na maharage, ambayo huiva kwa muda wa miezi mitatu hivi. Wakati wa kiangazi walishuka mabondeni, penye unyevu, wakalima huko. Ardhi ilikuwa na mlinzi wake, aitwaye mteko, aliyewagawia watu mashamba na kuiombea nchi. Tena chumvi ya Uvinza, mifugo na majembe ya chuma vilikuwa mali ya kubadilishia chakula.

Katika mazao hayo yote, ulezi ndio uliokuwa akiba hasa. Punje zake ni ndogo, wala wadudu hawazishambulii sana. Ukikaushwa vema hukaa ghalani miaka mingi. Methali isemayo akiba haiozi yaelekea kama ilitungwa kwa ajili ya nafaka hii. Lakini ulezi hudai kazi nyingi: kufyeka pori, kuchoma, kupalilia magugu yanayofanana nao, na kukata masuke moja moja kwa kisu. Nyumba isiyo na watu wa kutosha haiwezi kuulima.

Sasa tuone jinsi mikono ilivyopungua. Katika miaka ya 1890 na 1891 sotoka iliua ng'ombe wengi sana katika Afrika ya Mashariki. Kisha Wadachi wakaleta kodi. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia, yakashika Kigoma mwezi Julai na Tabora mwezi Septemba, nao wapagazi wakatwaliwa kwa wingi. Hata Ugogo, penye ukame wa mara kwa mara, njaa kuu ya 1917 hata 1920, iitwayo Mtunya, ilikuja baada ya majeshi kutwaa ng'ombe, nafaka na watu. Mvua ilikosekana, ni kweli. Lakini ilikosekana katika nchi iliyokwisha kunyang'anywa akiba yake.

Wabelgiji walikaa Buha mpaka 1921, ndipo Waingereza wakatawala. Hapo wanaume wa Kiha wakaanza kwenda kwa wingi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, wapate fedha ya kodi na ya nguo. Ndio walioitwa manamba, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chama chao cha kuwaandika, kiitwacho Silabu. Tena katika miaka ya 1930, kwa ajili ya malale, watu waliokaa mbalimbali porini walihamishwa wakakusanywa katika makao makubwa, mbali na mbung'o. Maisha ya wengi yaliokoka. Lakini mashamba ya zamani na mapori ya kufyekea ulezi yaliachwa nyuma.

Basi, mume akiwa Tanga, mke alipanda kile alichoweza kukipanda peke yake, nacho ni muhogo. Serikali nayo iliuamuru katika sehemu nyingi za Tanganyika uwe kinga ya njaa. Muhogo una fadhili zake: hustahimili jua, hungoja ardhini mwaka mmoja na zaidi, wala nzige hawawezi kuula mzizi wake. Hilo si jambo dogo, kwa maana bonde la Malagarasi ni mojawapo ya mahali wanapozaliana nzige wekundu. Walakini zao moja ni kinga moja. Batobato kali ilipoenea kutoka Uganda tangu miaka ya 1990 na kufika Kigoma, mwenye muhogo tu hakuwa na ghala ya kukimbilia.

Jambo hilohilo laonekana katika habari zilizofuata. Kati ya 1972 na 1974 watu wa mkoa wa Kigoma walihamishiwa vijijini kwa amri. Ukame wa miaka ile ukaikuta nchi ya Tanzania katika hali hiyo, hata nafaka ikaagizwa kwa wingi kutoka ng'ambo. Kisha wakaja wakimbizi, kutoka Burundi tangu 1993, na kutoka Kongo, ambao kambi ya Nyarugusu katika Kasulu ilifunguliwa kwa ajili yao mwaka 1996. Nduta, katika Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015. Watu hawa wana mikono, lakini hawakuruhusiwa kulima nje ya kambi. Fedha za wafadhili zilipopungua mwaka 2017, posho yao ya chakula ilipunguzwa, ingawa mvua ilinyesha juu ya milima iwazungukayo.

Kwa hiyo mwalimu aandikaye habari za njaa ya kijiji chake asitosheke na kuuliza kama mvua ilinyesha. Na aulize pia: mwaka ule wanaume walikuwa wapi? Ghalani mlikuwa na nini? Ni nani aliyewahamisha watu, na mashamba gani waliyaacha? Wazee wanaokumbuka majibu hayo wanapungua kila mwaka. Tena katika bustani ya shule na apande ulezi kidogo kando ya muhogo, watoto wajue kazi yake na faida yake.