Ardhi ya Wenye Mizinga

Ukimwuliza mkulima mipaka ya shamba lake, atakuonyesha ua au seng'enge. Mzee wa Kiogiek wa zamani, katika msitu wa Mau, hakuwa na vitu hivyo. Yeye angalikupeleka hata kijito fulani, akakuonyesha na kilima, kisha mizinga yake ya mtarakwa iliyotundikwa juu ya miti. Kila ukoo ulikuwa na sehemu yake, ndefu na nyembamba, ipandayo kutoka chini ya mteremko hata juu penye baridi. Sababu yake ni ya akili sana: maua hayachanui mahali pote kwa wakati mmoja, na nyuki hufuata maua. Asali ikiisha chini, huanza kupatikana juu. Basi ukoo ulionyang'anywa kipande kimoja tu cha ardhi ulipoteza chakula cha msimu mzima.

Wageni hawakuiona milki hiyo. Waliona watu wasio na ng'ombe wala majembe, wakasema hawa hawana nchi. Hata jina Wandorobo, ambalo wengi wetu tumelirithi bila kulichunguza, latokana na neno la Kimasai lenye maana ya maskini asiye na ng'ombe. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliunda Tume ya Ardhi ya Kenya, mwenyekiti wake Sir Morris Carter. Taarifa yake ya mwaka 1934 ilishauri kwamba Wandorobo wahamishwe, wakakae katika maeneo ya makabila waliyokaribiana nayo. Fikiri, msomaji: makabila mengine yaliandikiwa maeneo, ingawa yalikuwa yamekwisha kukatwakatwa, Waogiek waliandikiwa wenyeji wa kuwapokea.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, msitu uliendelea kuhesabiwa kuwa mali ya serikali. Mwezi wa Oktoba 2009 wakaao Mau walipewa siku 30 wawe wametoka, kwa hoja ya kuhifadhi chemchemi. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, maana Mto Mara huanzia huko. Lakini ni nani aliyeukata msitu? Mfuga nyuki hakati mti umpao asali. Na mwaka 2001 serikali yenyewe ilikuwa imemega maelfu ya hekta za hifadhi hiyo.

Waogiek walishtaki. Shauri lao lilifika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mjini Arusha, nayo tarehe 26 Mei 2017 ikatamka kwamba wao ni watu wa asili wenye haki juu ya ardhi ya mababu zao, wala hawawezi kulaumiwa kwa kuharibika kwa Mau. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru walipwe shilingi 157,850,000, na wapewe hati ya kuimiliki ardhi hiyo kwa pamoja.

Mwezi wa Novemba 2023, hati hiyo ikiwa bado haijatolewa, nyumba za Waogiek wa Sasimwani, katika Narok, zilibomolewa, na wenyewe wakafukuzwa tena.