Jeneza la Kuazima na Jeneza la Kununua

Katika Kiswahili cha pwani, jeneza kwa asili si sanduku la kufukiwa ardhini. Ni kitanda cha kubebea maiti. Watu hulichukua msikitini, humpeleka marehemu kaburini akiwa ndani ya sanda, kisha hulirudisha mahali pake. Tajiri na maskini hubebwa na jeneza lile lile. Lakini wanafunzi wetu wa huku Uganda waliandikapo neno hilo katika insha zao, hukusudia sanduku la mbao lililopakwa rangi, lenye vishikio ving'aavyo, ambalo hununuliwa, huonekana kwa saa chache, kisha huzikwa. Neno ni moja, bali kati ya maana hizo mbili pana historia ndefu ya fedha. Katika makala haya tunakusudia kuieleza historia hiyo kwa mfano wa Uingereza, ambako mambo haya yaliandikwa kwa wingi, kisha turejee nyumbani.

Huenda msomaji akastaajabu kusikia kwamba Waingereza nao walikuwa na jeneza la kuazima. Zamani parokia zao ziliweka jeneza moja kwa matumizi ya wote, na mtu wa kawaida alitolewa humo kaburini na kuzikwa kwa sanda. Majeneza machache ya namna hiyo yamehifadhiwa makanisani huko Yorkshire hadi leo. Hata hivyo, sanda nayo haikusalimika na biashara. Sheria za mwaka 1666 na 1678 ziliamuru kwamba maiti avikwe sufu tu, ili wafanyabiashara wa sufu ya nchi hiyo wapate soko. Aliyevunja sheria alitozwa faini ya pauni 5. Matajiri wengine walilipa faini hiyo kwa hiari, wakazikwa kwa kitani, na hivyo faini yenyewe ikageuka kuwa alama ya ukubwa.

Mazishi ya fahari yalikuwa haki ya makabaila peke yao, nayo yalisimamiwa na maofisa waliotunza nembo za koo kubwa. Mwishoni mwa karne ya 17 walizuka mjini London wafanyabiashara waliokodisha fahari hiyo kwa yeyote mwenye fedha: magari, farasi weusi, vitambaa vya msiba, manyoya ya mbuni, hata watu wa kusimama mlangoni kimya kwa ujira. Tangu hapo cheo cha marehemu kikawa kitu cha kununuliwa, na kila tabaka likajitahidi kuiga tabaka lililo juu yake.

Lakini kuiga peke yake hakutoshi kueleza kwa nini maskini asiye na mkate alitoa akiba yake yote kwa ajili ya kaburi. Sababu kubwa ilikuwa hofu. Shule za udaktari zilihitaji maiti za kupasuliwa, na wezi walifukua makaburi ili kuziuza. Mwaka 1828, katika mji wa Edinburgh, iligunduliwa kwamba Burke na Hare walikuwa wameua watu 16 ili wauze miili yao. Bunge likapitisha sheria mwaka 1832, ambayo iliruhusu kwamba maiti wa nyumba za maskini na hospitali wasiodaiwa na jamaa wapewe madaktari. Kupasuliwa, kulikokuwa adhabu ya mwuaji aliyenyongwa, sasa kukawa fungu la mtu ambaye kosa lake ni ufukara tu. Miaka miwili baadaye sheria mpya ya maskini ilizidisha ukali wa nyumba hizo. Tangu wakati huo kuzikwa kwa gharama ya parokia kulihesabiwa kuwa aibu isiyofutika.

Ndipo vikastawi vyama vya kuzikana. Watu walilipa senti chache kila wiki, wakabana matumizi ya chakula na mavazi, lakini mchango wa mazishi hawakuuacha. Ulikuwa ni ushirika mwema, ila ulikuwa na tundu. Vyama vingi viliendeshwa na wenye vilabu vya pombe pamoja na wafanyabiashara wa mazishi wenyewe. Kwa hiyo muuzaji alijua mfiwa atapokea kiasi gani kabla hajaulizwa bei.

Mwaka 1843 Edwin Chadwick aliiandikia serikali taarifa juu ya maziko ya mijini. Alikadiria kwamba nchi ilikuwa ikitumia kati ya pauni milioni 4 na milioni 5 kila mwaka kwa mazishi, na kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo ilipotea bure. Alieleza jinsi familia zilivyokaa na maiti siku nyingi katika chumba kimoja walimolala na kula, wakingoja fedha zitimie. Alieleza pia kwamba mfiwa si mnunuzi kama wanunuzi wengine: hana muda wa kutafuta duka la pili, na huona haya kubishania bei. Alishauri maofisa wa umma wasimamie mazishi kwa bei zilizowekwa. Sheria ya mwaka 1850 ilijaribu jambo hilo kwa London, lakini ilifutwa mwaka 1852.

Mwaka huo huo Jemadari Wellington alizikwa kwa gari kubwa la shaba lililovutwa na farasi 12. Mwaka 1854 ikaanzishwa reli ya kupeleka maiti kutoka London hadi makaburi ya Brookwood. Hata maiti walikuwa na madaraja matatu ya safari na tiketi zao, za kwenda tu bila kurudi.

Waliopinga hawakukosekana. Mwandishi Charles Dickens, aliyefariki mwaka 1870, aliacha wasia kwamba azikwe bila gharama kubwa, bila makundi ya watu, na kwamba waombolezaji wasivae yale mavazi ya msiba ya kukodi. Mtu maarufu kama yeye aliweza kufanya hivyo bila kudharauliwa, lakini maskini wa jirani yake asingeweza. Desturi ile ilipungua nguvu hasa baada ya Vita vya Dunia vya 1914 hadi 1918, wakati maelfu kwa maelfu walipozikwa ugenini na jamaa wakabaki bila maiti wa kuzika. Hata hivyo jambo la bei halikwisha: mnamo mwaka 2021 tu ndipo wauzaji wa mazishi wa Uingereza walipoamriwa kubandika orodha ya bei zao mahali pa wazi.

Na sisi je? Katika Buganda marehemu alivikwa nguo ya gome la mti wa mutuba. Ndugu na majirani walileta nguo hizo kila mmoja kwa uwezo wake, na hadi leo rambirambi huitwa amabugo, jina litokanalo na nguo hiyo. Mchango ule ulikuwa kitu chenyewe cha kuzikia. Leo mchango ni fedha, na fedha hutafuta duka.

Tumekaa katika vikao vingi vya msiba. Mtu hutaja bei ya jeneza, na wote hunyamaza, kwa kuwa atakayesema kwamba lipo la bei nafuu ataonekana hakumpenda marehemu. Tukiri kwamba sisi walimu, tunaosifiwa kwa kusema, nasi tumenyamaza. Kisha muhula hufunguliwa, na mtoto wa marehemu hukosa karo katika shule zile zile tunazofundisha.

Hatusemi marehemu wavunjiwe heshima. Mfano wa Uingereza unatuonyesha kwamba bei hupandishwa na aibu kuliko mbao, na aibu hukua penye kimya. Basi vyama vyetu vya kuzikana viulize bei kabla ya msiba, wakati hakuna aliaye. Viweke sehemu ya mchango kwa ajili ya yatima kabla fundi hajalipwa. Na anayeweza kununua jeneza la fahari, naye achague la kawaida angali hai na kuwaambia jamaa zake, ili jirani yake asiye na uwezo apate kuzika bila kuona haya. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ya mfiwa haimaliziki kaburini.