UZI: "Ridhaa" si neno lililoletwa na enjioo

1/ Siasa zikipamba moto, lazima mtu asimame jukwaani aseme kufundisha vijana ridhaa ni mambo ya wazungu, eti Mwislamu wa kweli hawezi kuyakubali. Huku Londiani Waislamu ni wachache, lakini hoja hiyo imefika hadi stendi ya matatu. Wacha tuiangalie kwa historia. Simtaji mwanasiasa wala chama.

2/ Anza na lugha. Ridhaa, idhini, hiari: yote Kiswahili kiliyapata kutoka Kiarabu, na watu wa pwani waliyatumia kwenye ndoa na biashara zamani sana, kabla ya semina ya kwanza hotelini. Huwezi kuwa na maneno matatu ya jambo usilolijua.

3/ Bukhari anasimulia habari ya Khansa binti Khidham wa Madina. Alikuwa ameshaolewa kabla, kisha baba yake akamwoza mtu asiyemtaka. Akaenda kwa Mtume (SAW) kulalamika. Ndoa ikavunjwa. Na Kurani, sura ya 4 aya ya 19, inakataza wanawake kurithiwa kwa nguvu kama mali ya marehemu.

4/ Sasa hii ni ya wapenda siasa. Karne ya 8, Imam Malik alifundisha Madina kwamba talaka ya kulazimishwa haihesabiki. Watawala wakashtuka: kama talaka ya kulazimishwa ni batili, je, kiapo cha utii alicholazimishwa mtu kumpa khalifa? Wanahistoria wanasimulia kwamba gavana alimchapa viboko. Aliyeshika mamlaka alielewa vizuri sana maana ya "ndiyo" ya kulazimishwa.

5/ Tusidanganyane lakini. Madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa Kenya wanafuata, wanazuoni wake wa zamani walimruhusu baba kumwoza binti bikira bila kumuuliza, kwa masharti. Na kuna hadithi kwamba ukimya wa bikira ndiyo idhini yake. Wengi huishia hapo. Soma vizuri: huo ni ukimya wa mtu ALIYEULIZWA, anayeona haya kusema ndiyo. Haumhusu mtu ambaye hakuulizwa, au anayeogopa.

6/ Na lawama? Tirmidhi na Abu Daud wanasimulia juu ya mwanamke aliyeshambuliwa akienda kuswali. Mtume hakumwadhibu, alimwambia aende, Mungu amemsamehe. Katika simulizi hiyo hakuna mahali anapoulizwa alivaa nini.

7/ Njoo Kenya, 2006. Bunge linajadili Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Mbunge mmoja anasema wanawake wetu wakisema "hapana" humaanisha "ndiyo". Wabunge wanawake wakatoka nje. Sheria ilipita, na inasema kukubali ni kuchagua mwenyewe, ukiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Inataja pia matumizi mabaya ya mamlaka. Mbona inafanana na fundisho la Malik?

8/ Sasa panda matatu hadi kwenye mashamba makubwa ya chai ya Kericho. Mwaka 2023, zaidi ya wanawake 70 waliiambia BBC kwamba wasimamizi wao waliwadhulumu kingono kwenye mashamba hayo. Wengine walisema ilikuwa kukubali au kukosa kazi. Kuna watu hapa mtandaoni waliandika, "si walikubali?" Mama ana watoto, ana karo, na mtu mmoja ndiye anaamua kama kesho atachuma chai. Hiyo ni hiari gani?

9/ Jambo la mwisho. Mkisikia "tumalize nyumbani, tupeleke kwa wazee au kwa kadhi", mjue Katiba, kifungu cha 170, inampa kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, kwa Waislamu waliokubali mahakama yake. Ubakaji ni jinai. Haumalizwi kwa mbuzi wawili na chai.

10/ Kwa hivyo madrasa ikifundisha watoto kwamba anayeulizwa lazima awe na nafasi ya kukataa, haijaiga mtu. Inafundisha kesi ya Khansa. Na mwanasiasa akija kukuambia ridhaa ni ya wazungu, muulize swali moja tu: yeye kura yako anaitaka kwa hiari, ama kwa nguvu?

Mwisho wa uzi. Mwenye swali aulize, mwenye matusi apite.