Pai ya plamu na stori ya unga wetu

Wasee, jana nimeoka pai ya plamu kwa sufuria, makaa chini na mengine juu ya kifuniko. Unga vikombe viwili, siagi, sukari kidogo, plamu za sokoni Nakuru. Rahisi tu. Jirani akacheka eti hayo ni mambo ya wazungu.

Sawa, tuangalie. Mwaka wa 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa hadi Laikipia. 1911 wakaondolewa huko pia. Karibu na 1904 hiyo, Lord Delamere alipewa ekari 100,000 Njoro. Mifugo yake ikafa, akageukia ngano. Manze, kutu ikaimaliza! Ikabidi aajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu zinazoistahimili. Mwaka wa 1908 akaanzisha Unga Limited. Kutu haijaisha: mpaka leo ngano kutoka nchi nyingi hupimwa Njoro dhidi ya Ug99, ile iliyogunduliwa Uganda.

Lakini nani alilima, nani alivuna? Hao hawako kwa pakiti. Kipande cha mwisho nimemwekea shosho, aliyeshona magunia ya ngano miaka mingi na hakuwahi kuonja pai.