Watu wa Mawe wa Turkana



Wapendwa, wana wa Israeli walipovuka Yordani, Yoshua alisimamisha mawe kumi na mawili huko Gilgali, ili siku moja watoto waulize maana yake. Nchini Kenya, magharibi mwa Ziwa Turkana, yapo mawe yanayoulizwa vivyo hivyo, nayo yamemtangulia Yoshua kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Karibu na Kalokol zimesimama nguzo 19 za mawe meusi ya volkeno. Waturkana huziita Namoratunga, yaani watu wa mawe. Husimuliwa kwamba walikuwa wacheza ngoma waliomcheka pepo, wakageuzwa mawe. Mpita njia huweka kijiwe juu ya nguzo, kisha huendelea na safari yake. Mwaka 1978 wataalamu Lynch na Robbins waliandika kwamba nguzo zilipangwa kufuata nyota za kalenda, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Dai hilo lilipendwa mno, nasi tukiri kwamba lilitupendeza pia. Hata hivyo, waliopima upya hawakukubaliana nalo, na uchimbaji wa baadaye kandokando ya ziwa umeonyesha kwamba nguzo za aina hiyo ni za miaka 5,000 hivi iliyopita.

Kusini zaidi, mahali paitwapo Lothagam, ndipo mawe yalipotoa siri yake. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yanaeleza jukwaa la mviringo lenye upana wa mita 30 hivi. Katikati yake lilichimbwa shimo kubwa mchangani, na humo walizikwa watu wasiopungua 580, katika muda wa karne kadhaa. Walikuwa wafugaji, wa kwanza katika eneo hilo, wakati mvua zilipopungua na ziwa likirudi nyuma.

Seminarini tulizoea kusoma kwamba kazi kubwa za mawe ni kazi za wafalme. Lothagam hakuna mfalme. Wamo wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga, na karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake: shanga za mawe ya rangi, za maganda ya mayai ya mbuni, hata pambo lililoundwa kwa mamia ya meno ya panya wa jangwani. Hakuna aliyetengewa mahali pa heshima. Sisi tunaoongoza maziko karibu kila juma twajua jambo hilo lilivyo adimu. Katika makaburi mengi ya parokia zetu utaona marumaru yenye picha, na hatua tatu mbele yake msalaba wa mti ulioliwa na mchwa, jina halisomeki tena.

Shimo lilipojaa, walilifunika kwa mawe. Kisha wakazileta nguzo, nyingine kutoka umbali wa kilomita moja hivi, bila gurudumu wala mnyama wa kukokota, wakazisimamisha juu ya wafu wao wote kwa pamoja.